Kuingia kwenye kazi ya ustawi na uchangamshaji wa wanyama: mwongozo kwa anayeanza Afrika Mashariki

Fisi anazunguka ukuta mmoja wa kizimba tangu asubuhi. Pale anapogeukia, udongo umechimbika kwa nyayo zake. Hana njaa, hana kidonda, na daktari akimpima atamkuta mzima. Tatizo lake ni kwamba hana la kufanya. Porini angetumia saa nyingi kusaka, kuchimba, kusafiri na kuzozana na wenzake. Kizimbani nyama inafika kwa ndoo, inaisha ndani ya dakika kumi, na siku nzima iliyobaki ni tupu.

Uchangamshaji ni kazi ya kumrudishia mnyama shughuli hizo kwa makusudi, kisha kupima kama zimemfaa. Hapo kwenye kupima ndipo waombaji wengi wa kazi hii hukwama. Wanaopenda wanyama ni wengi, lakini wanaoweza kufungua daftari na kuonyesha fisi alizunguka kiasi gani wiki hii na wiki iliyopita ni wachache. Kwa hiyo hesabu ya tabia imepewa nafasi kubwa hapa chini kuliko vyuo.

Kazi zenyewe ziko wapi

Ukanda huu una vituo vya namna tatu: vya wanyama yatima na waliookolewa, bustani za wanyama za kutembelewa, na mashirika yanayohudumia wanyama wa kufugwa.

Kenya ina Sweetwaters, kituo cha sokwe kilichofunguliwa 1993 ndani ya hifadhi ya Ol Pejeta karibu na Nanyuki. Ipo pia Nairobi Animal Orphanage, na kuna walezi wa ndovu wachanga wa Sheldrick Wildlife Trust, ambao hulala na ndama na kuwanywesha maziwa kila baada ya saa 3 usiku na mchana. Huko Bamburi, Mombasa, kuna Haller Park, ambako kobe Mzee alizoeana na kiboko Owen, aliyeokolewa baharini baada ya tsunami ya Desemba 2004. Uganda ina kituo cha elimu ya wanyamapori cha Entebbe (UWEC) na kisiwa cha Ngamba katika Ziwa Viktoria, kinachotunza sokwe tangu 1998. Kongo ina Lwiro huko Kivu Kusini, J.A.C.K. mjini Lubumbashi, na vituo viwili vya gorila, Senkwekwe ya Rumangabo na GRACE ya Kasugho. Huko mashariki mwa Kongo na Lubumbashi Kiswahili ndicho lugha ya kazi, kwa hiyo anayetoka Kigoma au Bujumbura hahitaji mkalimani wa kuzungumza na wenzake, ingawa ripoti huandikwa kwa Kifaransa. Zanzibar kuna kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu. Usiwasahau punda: kliniki ya Lamu inahudumia wanyama ambao mji mzima unawategemea kubeba mizigo, na ustawi wao ni taaluma ile ile.

Nafasi yenye jina la “mratibu wa uchangamshaji” peke yake ni adimu kwetu. Mara nyingi jukumu hilo hupewa mtunza wanyama aliyeonyesha uwezo, juu ya kazi yake ya kufagia na kulisha. Mlango basi ni utunzaji. Anayesubiri tangazo lenye cheo cha uchangamshaji atasubiri sana.

Hatua ya 1: chagua njia ya masomo, ukijua isichofundisha

Njia ya kwanza ni ya wanyamapori: Chuo cha Mweka, mteremkoni mwa Kilimanjaro, kilichoanzishwa 1963, Pasiansi mjini Mwanza, taasisi ya utafiti na mafunzo ya wanyamapori ya Naivasha, Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA), Morogoro. Njia ya pili ni ya afya na uzalishaji wa mifugo: LITA, wakala wa mafunzo ya mifugo, na kampasi zake Tanzania, vyuo vya afya ya mifugo vya AHITI nchini Kenya, na kwa anayelenga udaktari, SUA, Kabete (Chuo Kikuu cha Nairobi) au Makerere.

Mafunzo ya wanyamapori kwa sehemu kubwa yamejengwa juu ya wanyama walio huru: doria, sensa, utalii, migogoro na wakulima. Ya mifugo yamejengwa juu ya maziwa, nyama na magonjwa. Mnyama wa porini aliye mikononi mwa binadamu anaangukia katikati. Ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya cheti cha utalii wa wanyamapori na cha afya ya mifugo, na nia yako ni vituo, chukua afya ya mifugo. Anayejua kusoma kinyesi, kupima joto, kufunga kidonda na kuhesabu dozi kwa kilo anatumika tangu siku ya kwanza. Tabia unaweza kujifunza mwenyewe kwa njia iliyoelezwa hapa chini.

Sheria nazo zisome kabla ya kuomba kazi. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya 2008. Kenya ina Sura ya 360 inayokataza ukatili kwa wanyama, na sheria ya wanyamapori ya 2013. Msingi wa mawazo haya ni uhuru tano, zilizotokana na ripoti ya Brambell ya Uingereza ya 1965: mnyama asiwe na njaa na kiu, asipate adha ya makazi mabovu, asiugue wala kuumia bila tiba, aweze kuonyesha tabia zake za asili, na asiishi kwa hofu. Siku hizi vituo hupima zaidi kwa nyanja tano za Mellor na Reid za 1994: lishe, mazingira, afya, tabia, na ya tano, inayokusanya nne za mwanzo, hali ya akili ya mnyama. Kwenye usaili utaulizwa tofauti. Jibu fupi: uhuru tano zinaorodhesha mabaya ya kuondoa; nyanja tano zinakulazimisha uulize pia ni mazuri gani mnyama anayapata.

Hatua ya 2: mwili wako kwanza

Chanja kichaa cha mbwa kabla ya kushika mnyama yeyote. Kwa mpango wa WHO wa 2018, kinga ya awali ni dozi 2, siku ya 0 na siku ya 7. Chanjo haikuondolei wajibu ukiumwa: osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo upate dozi za nyongeza. Ongeza pepopunda na homa ya ini B. Pima kifua kikuu na utunze cheti, maana kwa sokwe hatari inakwenda pande zote mbili. Mafua yako, ambayo kwako ni siku tatu za kupiga chafya, yanaweza kuua sokwe mchanga. Mtunza mwenye mafua anayekuja kazini “asionekane mvivu” ni hatari kuliko yule anayebaki nyumbani.

Hatua ya 3: jifunze kuhesabu tabia, mwezi mmoja, bila mnyama wa porini

Usimnunue tumbili wala kasuku wa mwituni ili ujifunzie. Kisheria utajitia matatani, na kitaaluma umejifungia mlango, kwani kituo kinachookoa wanyama hao hakitamwajiri anayewanunua. Mbuzi aliyefungwa zizini, kuku wa banda, punda au mbwa wa jirani wanatosha kabisa.

Kwanza andika orodha ya tabia, zisizozidi tisa, kila moja na maana isiyoyumba. “Anakula: chakula kiko mdomoni au anatafuna.” “Anatafuta: pua au mdomo uko chini ya sentimita 10 kutoka ardhini au kwenye majani, hajatafuna.” “Amepumzika.” “Anatembea.” “Anachunguza kitu.” “Anajisafisha.” “Anagusana na mwenzake.” “Anarudiarudia: amepita njia ile ile mara 3 mfululizo au zaidi bila kusimama kufanya jambo jingine.” “Haonekani.” Maneno kama “amechoshwa” au “ana furaha” hayaingii kwenye orodha, kwa sababu hayo ni maoni yako na daftari linataka ulichokiona.

Kaa mahali pamoja kwa saa 1, saa ile ile kila siku. Kila dakika ya 5 inapotimia, tazama na uandike anachofanya sekunde hiyo. Kilichotokea katikati kiache. Hapo unapata alama 12 kwa siku, na 120 kwa siku 10. Tuseme katika 120 mbuzi alirudiarudia mara 42: hiyo ni asilimia 35, na huo ndio msingi wako.

Siku 10 zinazofuata weka badiliko moja, moja tu. Kwa mbuzi, tundika matawi yenye majani kwenye kimo cha mita 1.3 hivi, ili asimame kwa miguu ya nyuma kuyafikia, au weka ngazi mbili imara za mbao au mawe, sentimita 40 na 80, maana mbuzi ni mnyama wa kupanda. Kwa kuku, weka sanduku la sentimita 60 kwa 60, kina 20, lenye mchanga mkavu uliochanganywa na jivu la kuni, waogee vumbi. Hesabu tena. Kisha ondoa kila kitu uhesabu siku 10 nyingine. Ikiwa kurudiarudia kulishuka hadi alama 24, yaani asilimia 20, kisha kukapanda hadi alama 40 baada ya kuondoa, una hoja. Kukibaki chini hata baada ya kuondoa, huenda jambo jingine ndilo lililobadilika: mvua imenyesha, jirani amehama, dume limeuzwa. Ndiyo maana awamu ya tatu haiachwi, ingawa ndiyo inayochosha na wengi huiruka.

Kwenye hesabu hizi makosa matatu hujirudia. La kwanza ni kuhesabu asubuhi wiki hii na jioni wiki ijayo: mnyama anayengoja chakula cha saa kumi atazunguka sana saa tisa na nusu, na utadhani kifaa chako kimeshindwa. La pili ni kukaa karibu mno, mnyama akakutazama wewe. Rudi nyuma, na tupa data za siku mbili za mwanzo. La tatu ni maana za maneno kuteleza kadiri siku zinavyokwenda. Dawa yake ni rafiki: mara moja kwa wiki hesabuni wawili kwa wakati mmoja bila kuoneana daftari. Mkipatana chini ya alama 10 katika 12, rekebisheni maana za maneno.

Hatua ya 4: tengeneza vifaa, ukianza na swali la nini kitaharibika

Vituo vingi vinafuata hatua sita zilizosambazwa na Disney's Animal Kingdom ya Marekani: lengo, mpango, utekelezaji, kumbukumbu, tathmini, marekebisho. Lengo ndilo kiungo. “Nimempa mpira” si lengo. “Nataka duma atembee na kunusa zaidi saa za asubuhi” ni lengo, na kutoka hapo kifaa hujichagua chenyewe.

*Bomba la chakula kwa tumbili.* Bomba la plastiki gumu la inchi 3, urefu sentimita 40, vifuniko viwili vilivyofungwa kwa bolti. Toboa matundu 6 yenye upana wa sentimita 5. Kanuni ya tundu ni hii: ama dogo kiasi kwamba kidole hakiingii kabisa, ama kubwa kiasi kwamba ngumi iliyoshika karanga inatoka bila kukwaruzika. Tundu la kati ndilo linalonasa. Waliowahi kutega nyani kwa kibuyu wanaijua vizuri sana kanuni hii, ila wao waliitumia kinyume. Piga msasa kingo zote. Jaza nyasi kavu thuluthi mbili, changanya na mahindi na karanga zisizo na ukungu. Sumukuvu haionekani kwa macho, kwa hiyo gunia lililopata unyevu litupwe lote. Tundika kwa mnyororo mfupi uliopitishwa ndani ya kipande cha mpira wa maji, vidole visinaswe kwenye pete. Mnyororo au kamba yenye urefu wa kuzunguka shingo ni kitanzi, hata kama imening'inia vizuri leo.

*Gogo la kuchokolea kwa sokwe.* Bomba la plastiki sokwe hulipasua kwa meno, na vipande vyake hukata. Tumia gogo la mti mgumu lisilopakwa rangi wala dawa, kipenyo sentimita 20, urefu 60. Toboa kwa keekee matundu 15, upana sentimita 1.5, kina sentimita 10: kidole cha sokwe mzima hakiingii, kijiti kinaingia. Jaza viazi vitamu vilivyopondwa au uji mzito, tia tone la asali mdomoni mwa tundu, na mwache achague vijiti mwenyewe kutoka kwenye matawi uliyoingiza. Novemba 1960, Jane Goodall alimwona sokwe mtu wa Gombe aliyemwita David Greybeard akivua mchwa kwa majani namna hiyo hiyo, kwa hiyo humfundishi jipya. Gogo lioshwe siku hiyo hiyo. Uji uliolala katika joto la pwani huchachuka, na kuhara kwa kundi zima huanzia hapo.

*Kifuu cha kasuku.* Pwani vifaa viko jikoni. Chukua kifuu kikavu, toboa tundu la sentimita 4, jaza mbegu zilizofunikwa kwa makumbi, tundika kwa ukili mfupi. Kasuku atachana makumbi kwa nusu saa kabla ya kuifikia mbegu, na mdomo unaochana makumbi hauchomoi manyoya yake mwenyewe. Epuka kamba za pamba na nailoni, nyuzi zake hukaza vidole na kuziba utumbo. Parachichi ni sumu kwa kasuku, liwe bivu au bichi.

*Gunia la harufu kwa paka wakubwa.* Gunia la katani, lisiwe la nyuzi za plastiki. Jaza nyasi kavu, nyunyiza kijiko 1 cha mdalasini wa unga. Siku nyingine acha gunia, weka harufu kwenye magogo 6 yaliyotawanyika ili mnyama atembee. Manukato ya chupa hufanya kazi pia: mwaka 2003 bustani ya Bronx huko New York ilijaribu manukato kadhaa kwa duma, na yaliyowashikilia muda mrefu zaidi ni Obsession ya Calvin Klein. Mafuta ya mimea yaliyokolezwa usitumie, mengi ni sumu kwa jamii ya paka. Kinyesi cha swala au punda milia kinapendwa sana, lakini kisitoke kwa mnyama asiyepimwa minyoo, na daktari aidhinishe kwanza. Toa gunia baada ya saa 24.

Kwa kobe wakubwa mambo ni mepesi: dimbwi la matope, kivuli, majani yaliyotawanywa badala ya kurundikwa. Ukimsugua kobe wa Aldabra shingoni, huinuka juu ya miguu na kunyoosha shingo. Mtunza mwenye subira huitumia hali hiyo kumkagua na hata kumtoa damu bila kumgeuza chali.

Kabla kifaa hakijaingia, jaza fomu ya ukurasa mmoja isainiwe na msimamizi na daktari: kinaweza kumezwa? Kunasa kiungo? Kutupwa kwa wageni? Kupandiwa kutorokea? Swali la mwisho si la mzaha: tawi kubwa lililoegemezwa ukutani ni ngazi, na sokwe ataliegemeza mwenyewe usiku. Kwa majani, kataa mnyaa, oleanda na lantana, na usimpe mnyama majani mabichi ya muhogo.

Kisha kuna kanuni tatu za matumizi. Vifaa viwe vingi kuliko wanyama, walau viwili zaidi, na viachane mita 5 au zaidi, la sivyo mkubwa wa kundi atakalia vyote na wanyonge watapigwa kwa sababu yako. Chakula cha ndani ya kifaa kitoke kwenye mgao: mnyama wa kilo 2 kwa siku akipewa gramu 300 kwenye bomba, sinia libaki na gramu 1,700. Na usirudie kifaa kile kile kila siku saa ile ile. Ndani ya wiki mbili kitageuka sehemu ya ukuta. Panga kalenda ya siku 14 yenye siku chache zisizo na kitu chochote. Swala na wengine wenye kukurupuka waonyeshwe kitu kipya kikiwa nje ya wavu siku nzima kabla ya kuingizwa, vinginevyo watajigonga kwenye uzio.

Hatua ya 5: kufuli, ndoo, klorini

Hapa ndipo mtu anapofukuzwa kazi, au anapofia. Mpangilio hauchezewi: hamisha, funga, tikisa kufuli, hesabu vichwa, kisha ingia. Hesabu kwa sauti. Kwa wanyama wa hatari mnakuwa wawili, na mwenye funguo ni mmoja. Mlango wa ndani haufunguliwi kabla wa nje haujafungwa. Chora mstari sakafuni mita 1.5 kutoka wavu wa sokwe na usiuvuke ukiwa umeinama. Mkono wake ni mrefu kuliko unavyodhani, na akishika shati hatoachia.

Klorini ya 3.5%, ukichanganya sehemu 1 na maji sehemu 6, inakuwa 0.5%. Osha kwanza kwa sabuni, kwa sababu uchafu huimaliza nguvu. Usiimwage juu ya sakafu yenye mkojo: hutoa gesi inayochoma mapafu, yako na ya mnyama. Suuza, kausha, ndipo umrudishe.

Hatua ya 6: faili lako na barua

Faili la kurasa nne linatosha. Ukurasa wa kwanza una orodha yako ya tabia. Wa pili una jedwali la siku 30 na asilimia zake. Wa tatu una mchoro wa kifaa kimoja wenye vipimo, na sentensi mbili kuhusu kilichoharibika na ulivyorekebisha. Wa nne una vyeti na chanjo. Ambatanisha barua ya ukurasa mmoja inayosema unaweza kufanya nini Jumatatu asubuhi. Sentensi ya “tangu utotoni napenda wanyama” ifute, wasimamizi wameisoma mara nyingi mno.

Picha ya umemkumbatia sokwe mchanga au mtoto wa simba ifute pia, na kwenye mitandao ya kijamii vile vile. Vituo vyenye msimamo, hasa wanachama wa PASA, muungano wa vituo vya sokwe na jamaa zao barani Afrika, wanajua kwamba picha hizo huchochea biashara ya kuwafuga. Mtu aliyeziweka huonekana hajaelewa kituo kipo kwa nini.

Omba kujitolea kwa miezi 2 hadi 3 mahali palipo karibu nawe kabla ya kufikiria mbali, hata kama ni kituo cha mbwa na paka. Kuna vituo vinavyotoza wageni wa ng'ambo ada ya kujitolea. Mwenyeji uliza kama kuna utaratibu wa mafunzo kwa vitendo, mara nyingi upo bila ada. Wanaotazama Ghuba, kwa mfano bustani ya wanyama ya Al Ain, Falme za Kiarabu, iliyopo tangu 1968, waombe kupitia tovuti ya bustani yenyewe. Wakala anayedai pesa ili akupe kazi ya kulisha twiga, mwache.

Siku ya majaribio na miezi ya kwanza

Usaili wa mtunza wanyama huwa wa vitendo. Utapewa kisu, mzani na karatasi ya mgao: kata vipande sawa, pima bila kukisia, safisha meza bila kuambiwa. Utatazamwa unavyotembea karibu na wavu: polepole, bila kukodoa macho, bila kelele. Huenda ukawekwa mbele ya kizimba dakika 20 na kuulizwa umeona nini. Anayejibu “amelala tu” amekosa. Anayejibu “amelala kwa ubavu wa kulia, mguu wa nyuma wa kushoto hauukanyagi vizuri alipoinuka, na wenzake wawili wanampisha” ameeleweka.

Kabla ya kusaini, uliza mambo haya: chanjo inalipwa na nani, bima inahusu kuumwa na mnyama au ajali za barabarani tu, likizo ziko ngapi kwa mwezi kwa wanaoishi kituoni, na nani ana bunduki ya dawa ya usingizi siku daktari hayupo. Mshahara wa kuanzia ni mdogo, hilo lisikushangaze. Kukosa jibu la maswali hayo ndiko kunakopaswa kukushtua.

Miezi mitatu ya mwanzo usibadilishe chochote. Jifunze majina, nani anamwogopa nani, nani hali mbele ya watu. Ukifika mwezi wa nne, omba ruhusa ya kufanya hesabu ya siku 10 kwa mnyama mmoja anayewasumbua wote, na umshirikishe mtunza aliyekaa hapo muda mrefu kuliko wengine. Anajua mambo ambayo hayajaandikwa popote, na kifaa chako kitadumu kikiwa chake pia. Baada ya hapo anza mafunzo ya zawadi: dakika 5 kwa kikao, hatua moja ndogo, filimbi au mlio mmoja usiobadilika, kipande cha tunda papo hapo, na mnyama awe huru kuondoka. Wengi huanza na kumfundisha mnyama kupanda mzani. Uzito ukipimwa kila baada ya wiki mbili, utaona mapema kama zile gramu 300 kweli zinatolewa kwenye sinia, au kuna mwenzako anayemwonea mnyama huruma na kumwongezea jioni.